Mbwa Mkubwa na Kamba: Tumfundishe Kabla ya Siku ya Chanjo

(Mazungumzo na wenzetu waliomaliza kisomo, Shishiyu, mkoa wa Simiyu)

 

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya mbwa. Tunaona wengine mmeanza kucheka. Mnasema, "Mbwa naye anafundishwa nini? Kazi yake kubweka tu." Haya, chekeni. Lakini tusikilizeni mpaka mwisho, maana habari hii ina kilio ndani yake.

YALIYOTUPATA

Mmoja wetu alikuwa na mbwa dume, mkubwa, kifua kipana. Jina lake Simba. Usiku fisi hakusogea zizini. Mchana Simba alifuatana na watoto machungani. Mbwa mzuri kabisa.

Ikatangazwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku hiyo sisi watu wazima tulikuwa shambani, tunavuna pamba. Tukamwambia mtoto wa miaka 10, "Mpeleke Simba." Tukampa kamba ya katani. Simba hakuwahi kufungwa kamba tangu azaliwe.

Njiani Simba alivuta kama trekta. Mtoto alikokotwa, akaanguka, akainuka, akakokotwa tena. Kamba ikamchubua viganja mpaka damu. Walipofika kwenye mti wa chanjo, mbwa wengine wakabweka. Simba akaruka mara moja tu, kamba ikamponyoka mtoto. Mbwa akarudi mbio nyumbani bila sindano. Jioni tukasema, "Basi, tutamchanja mwakani."

Kumbe mwakani ni mbali. Hata miezi mitatu haikupita, mbwa asiyejulikana alipita kijijini. Mate yanamtoka, anauma kila anachokutana nacho. Akapigana na Simba, akamng'ata. Mtaalamu wa mifugo alipokuja aliuliza swali moja tu: "Huyu amechanjwa?" Tukanyamaza. Simba ikabidi auawe.

Mtoto alilia siku nyingi. Alidhani kosa ni lake kwa sababu aliachia kamba. Ndugu zetu, kosa halikuwa la mtoto. Kosa lilikuwa letu. Tulimpa mtoto kamba, lakini mbwa hatukumfundisha.

KWA NINI CHANJO NI LAZIMA

Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate. Mbwa mgonjwa akiuma mtu, vijidudu huingia kwenye jeraha. Vinapanda polepole kwa njia ya neva mpaka kwenye ubongo. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka. Wengi wao wako Afrika na Asia, na wengi ni watoto.

Karibu wote hao waliumwa na mbwa. Kwa hiyo ukimkinga mbwa, umemkinga mtoto wako. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila mbwa 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Na jambo hili limejaribiwa hapa hapa nchini. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kisiwa kizima, na mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Mwaka 2016 ukaingia tena. Wakachanja tena, ukaondoka tena. Mnaona? Chanjo si ya mara moja.

Na sisi wa Simiyu tunapakana na Serengeti. Tangu miaka ya 1990 mbwa wa vijiji vya kandokando ya hifadhi wamekuwa wakichanjwa. Maradhi ya mbwa wetu huvuka mpaka. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, unaoitwa distempa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Simba hao hawakufugwa na mtu, lakini wataalamu waliona ugonjwa ulitokana na mbwa wanaofugwa.

Basi, sindano ipo. Mtaalamu anakuja na boksi lake la barafu, anakaa chini ya mti. Lakini mbwa asiyejua kamba atafikaje pale?

MBWA ANAVUTA KWA SABABU GANI?

Sisi Wasukuma tunajua kufundisha maksai. Nani kati yetu amemkamata ng'ombe leo, akamfunga plau, akalima naye leo hiyo hiyo? Hakuna. Kwanza anazoeshwa nira. Kisha anatembezwa na mwenzake aliyezoea. Kisha anakokota gogo. Plau inakuja mwisho. Mbona mbwa tunataka ajue yote siku moja?

Mbwa havuti kwa sababu ni mkorofi. Sababu ni mbili.

Ya kwanza: ukimvuta mnyama huku, yeye anakaza kwenda kule. Mvute mbuzi mbele uone kama hatarudi nyuma. Mbwa ni hivyo hivyo. Kamba ikikaza, naye anakaza.

Ya pili: kuvuta kunamlipa. Anaona mfupa kule, anavuta, wewe unamfuata, anaupata mfupa. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba akivuta anafika. Mwalimu wake ni wewe mwenyewe!

Kwa hiyo somo lote ni hili moja: KAMBA IKIKAZA, HATUENDI. KAMBA IKILEGEA, TUNAKWENDA. Liandikeni kwenye madaftari yenu.

VIFAA

1. Mkanda wa shingoni. Uwe mpana, wa ngozi au wa kitambaa kigumu. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Ukilegea sana, mbwa atautoa kichwani. Ukibana sana, utamkaba.

2. Kamba nene ya urefu wa hatua mbili. Kamba nyembamba inakata viganja. Usifunge kitanzi kinachojikaza shingoni. Ukishafunga, vuta ujaribu. Kitanzi kikizidi kuwa kidogo, fungua ufunge upya.

3. Chakula kidogo cha kumpa zawadi. Dagaa wakavu wanafaa sana. Vipande vidogo vya ugali navyo vinafaa, kama mbwa ana njaa kidogo.

Kwa mbwa mwenye nguvu sana unaweza kumshonea mkanda wa kifuani. Lakini angalia kamba unaifunga wapi. Ukiifunga mgongoni, umemvalisha nira! Atavuta kwa kifua chote kama maksai. Ifunge mbele, kifuani. Akivuta, mwili wake utageukia kwako.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: azoee mkanda. Mvalishe, mpe chakula, mwache atembee nao uani. Mara ya kwanza atajikuna na kugaragara. Mwache. Baada ya siku mbili tatu atausahau.

Hatua ya pili: azoee kamba. Ifunge kwenye mkanda, mwache aiburure uani huku unamwangalia. Usimwache peke yake, asije akanasa.

Hatua ya tatu: mwite ubavuni. Shika kamba, simama. Akija karibu na paja lako, mpe dagaa papo hapo, hapo hapo pajani. Usimtupie mbali. Atajifunza kwamba dagaa wanapatikana pajani kwako.

Hatua ya nne: tembea. Sema "Twende," kisha piga hatua mbili tatu. Kamba ikiwa imelegea, mpe dagaa. Ongeza hatua kidogo kidogo.

Hatua ya tano: akivuta, simama. Simama kama mbuyu! Usimvute, usimpigie kelele. Atavuta, atashangaa, atageuka kukutazama. Kamba ikilegea tu, hata kidogo, sema "Twende" na mwendelee. Siku ya kwanza huenda mkasimama mara 30 kabla ya kufika kwenye zizi. Usikate tamaa. Kesho mtasimama mara chache zaidi.

Hatua ya sita: geuka. Ukimwona anakaza macho kwenye kuku wa jirani, usingoje arukie. Geuka uende upande mwingine, mwite. Akikufuata, mpe zawadi.

Hatua ya saba: toka nje ya boma. Anzeni njiani asubuhi, pakiwa kimya. Halafu karibu na kisima. Halafu pale penye mbwa mwingine, lakini kwa mbali. Kila siku sogeeni kidogo.

Fundisha kwa dakika tano au kumi, asubuhi na jioni, kabla jua halijawa kali. Usifundishe saa nzima, mbwa naye anachoka akili. Mbwa mdogo atashika haraka. Ni ule usemi wetu: samaki mkunje angali mbichi. Lakini hata mbwa mzima anafundishika, ila tu anataka siku nyingi zaidi.

Jambo kubwa ni moja: watu wote wa nyumbani wafuate sheria moja. Baba akisimama, lakini kaka akamwacha mbwa avute, mbwa hataelewa. Ni kama darasa lenye walimu wawili, mmoja anasema mbili na mbili ni nne, mwingine anasema ni tano.

MAMBO YA KUEPUKA

Usimpige. Mbwa akipigwa akiwa kwenye kamba, anajifunza kuiogopa kamba. Siku ya chanjo akiiona tu, anakimbilia kwenye mahindi.

Usiizungushe kamba mkononi wala kiunoni. Mbwa akiruka, atavunja kidole au atakuangusha. Weka fundo mwishoni, ishike kwa mikono yote miwili.

Usimpe mtoto mdogo mbwa aliye mzito kuliko yeye. Hapa tunasema kwa uchungu. Mtoto afundishwe pamoja na mbwa, lakini siku ya chanjo mtu mzima ndiye ashike kamba.

Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate, anayeuma bila kuchokozwa au anayeyumba, huyo si wa kufundishwa. Kaa mbali naye, waondoe watoto, kamwite mtaalamu wa mifugo upesi.

SIKU YA CHANJO

Anza wiki tatu au nne kabla ya siku yenyewe. Kama tangazo limechelewa, anza leo, mangapi utawahi utayapata.

Siku hiyo mtembeze kidogo kwanza, apunguze moto. Nenda mapema kabla mbwa hawajajaa. Simama mbali na mbwa wengine, kama hatua kumi hivi. Zamu yako ikifika, mshike karibu na shingo, mgeuzie kichwa kwako, mpe dagaa. Sindano ni kufumba na kufumbua. Ukipewa cheti, kisome kabla ya kuondoka. Tazama tarehe. Tulijifunza kusoma kwa mambo kama haya! Kitunze cheti, na rudi tena tarehe ya marudio ikifika.

MTU AKIUMWA

Tusiondoke bila kusema hili. Mtu akiumwa na mbwa, osheni jeraha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Msiweke majani, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya taa. Kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Mtaalamu atasema kama anahitaji sindano, na akianza sindano amalize zote. Sindano hizi si jambo jipya. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Zinafanya kazi zikiwahi. Msingoje dalili. Dalili zikija, tumechelewa.

TUNAMALIZIA

Yule mtoto wetu sasa ana mbwa mwingine. Alianza kumfundisha angali mdogo, kwa dagaa na kwa subira. Mbwa huyo amekua, ni mkubwa kama Simba alivyokuwa. Siku ya chanjo iliyopita walikwenda watatu: baba, mtoto na mbwa. Kamba ililegea njia nzima. Watu kwenye mti waliuliza, "Mmempa dawa gani huyu?" Mtoto akajibu, "Tulikuwa tunasimama tu."

Ndugu zetu, nasi tusimame.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwenu mbwa ni wangapi? Wangapi wamechanjwa? Vyeti viko wapi?
2. Kwa nini mbwa huvuta kamba?
3. Kamba ikikaza, tufanye nini? Ikilegea, tufanye nini?
4. Mtu akiumwa na mbwa, jambo la kwanza ni lipi? La pili ni lipi?
5. Nani nyumbani kwenu atamfundisha mbwa, na ataanza siku gani?