Vidonge Vinne vya Amoksilini

Juma lililopita nilisimama foleni katika duka la dawa, na mbele yangu alikuwepo kijana aliyetaka vidonge vinne vya amoksilini. Vinne tu. Muuzaji akakata ile karatasi ya vidonge kwa mkasi, akapokea fedha, basi. Nikamwuliza yule kijana kama vitamtosha. Akanijibu, "Mzee, nikipata nafuu si basi?"

Jawabu hilo lilinipeleka kutafuta dozi zinatoka wapi. Kumbe nyuma ya kila cheti cha daktari kuna kazi kubwa ya maabara.

Njia ya zamani ni nyepesi kueleza. Mtaalamu hupanga mirija ya kioo yenye mchuzi wa kukuzia vijidudu, akaitia dawa, kila mrija ukipata nusu ya ule uliotangulia, kisha akapanda vijidudu. Kesho yake hutazama. Penye ukungu vimeota, palipo safi vimeshindwa. Kiwango kidogo kabisa kilichovizuia ndicho huandikwa. Kipimo hiki kinatumika hadi leo, nami sikidharau, lakini kina kasoro: ndani ya mrija dawa hukaa palepale usiku kucha. Mwilini haikai. Amoksilini damuni hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja hivi, maana figo hazipumziki. Na kijidudu kama E. koli, kikipata chakula na joto la kutosha, hujigawa kuwa viwili katika muda wa dakika 20 hivi!

Ndiyo maana wataalamu wakabuni chombo kingine. Ni fungu la mirija myembamba kama nyuzi, kuta zake zina vitundu ambavyo dawa hupenya lakini vijidudu havipiti. Vijidudu huwekwa nje ya nyuzi, dawa ikapitishwa ndani kwa pampu, ikipandishwa na kushushwa vilevile inavyopanda na kushuka katika damu ya mgonjwa. Kila mara huchotwa sampuli kidogo, wakahesabu vilivyobaki hai.

Kwa majaribio ya namna hii, na ya wanyama, ilibainika kwamba dawa haziui kwa mtindo mmoja. Mmarekani Harry Eagle alionyesha, miaka ya 1940 na 1950, kwamba penisilini hutaka muda. Kuizidisha mno hakuharakishi kazi. Ndiyo sababu jamaa yake amoksilini mara nyingi huandikwa kila baada ya saa 8. Jentamisini ni kinyume. Hiyo hutaka kishindo, na sindano moja kubwa kwa siku mara nyingi hushinda ndogo tatu.

Lakini lililonigusa zaidi ni la kifua kikuu. Mwaka 2004 Tawanda Gumbo, daktari aliyesomea Zimbabwe, pamoja na wenzake huko Marekani, walichapisha jaribio la moksifloksasini katika chombo hicho. Vijidudu viliuawa kwa wingi mwanzoni, ungedhani kazi imekwisha. Dozi ilipokuwa ndogo, vile vichache vilivyo sugu vikabaki, vikazaana, vikajaza nafasi ya wenzao. Hesabu zao zilionyesha kuwa miligramu 400 kwa siku zingeua vizuri bila kuuzuia usugu, na kwamba 800 zingefaa zaidi, ingawa dozi kubwa hivyo lazima kwanza ipimwe usalama wake kwa watu. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikubali chombo hicho kisaidie kupanga dozi za kifua kikuu.

Hakina chembe nyeupe za damu, hakina ini. Kwa hiyo hakiwezi kuchukua nafasi ya mgonjwa. Lakini ile nafuu ya mwanzo, aliyoitegemea kijana yule, kimeionyesha waziwazi ilivyo.

Yule muuzaji mwenye mkasi sikumwambia neno. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na haraka. Nilipaswa kumwambia.

Hadi juma lijalo, kwaherini.