Ziwa Nyasa: Watuonyeshe karatasi kabla ya bunduki

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wa Mfaranyaki, mjini Songea.)

Najua kuna walioacha pikipiki kituoni na kuna walioacha meza za mitumba kwa jirani, na jirani naye ana roho yake. Kwa hiyo sizunguki.

Nimeombwa nizungumzie mpaka wetu na Malawi ndani ya Ziwa Nyasa. Kila kijiwe hapa mjini kina hakimu wa kesi hii. Mmoja atakwambia ziwa ni nusu kwa nusu, basi, hakuna mjadala. Mwingine atakwambia Malawi ni kanchi kadogo, jeshi letu likiamka asubuhi, saa nne limeshamaliza kazi. Mimi nimeishia kidato cha nne. Si mwanasheria na wala si mwanajeshi, ila kusoma najua, na habari hii nimeisoma. Kesi hii si nyepesi kama wakubwa wanavyotuimbia. Na anayetaka kijana wa Songea aende akaifie, atuonyeshe karatasi kwanza.

Tuanze na karatasi yenyewe. Tarehe 1 Julai 1890, Mwingereza na Mjerumani walikaa Ulaya wakagawana nchi za watu. Ndiyo mapatano yale ambayo Mjerumani alikiachia Kisiwa cha Unguja akachukua kijisiwa chake cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Katika mapatano hayo waliandika kwamba mpaka wa eneo la Mjerumani ukifika Ziwa Nyasa utafuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, mpaka mdomo wa Mto Songwe. Ufukwe, ndugu zangu, hawakuandika katikati ya maji. Hiyo ndiyo ngao ya Malawi tangu siku ile hadi leo.

Hebu tuitafsiri ngao hiyo kwa lugha ya pwani ya ziwa. Maana yake ni kwamba mtoto wa Liuli akiingia majini kuoga, amevuka mpaka bila pasipoti. Mama wa Lituhi akichota ndoo, amechota maji ya ugenini. Na ziwa lenyewe halitulii. Miaka mingine linapanda na kumeza nyumba na makaburi, miaka mingine linarudi nyuma. Basi ukilala Tanzania, maji yakipanda usiku, unaamka Malawi na kitanda chako! Upande wetu unatumia sana hoja hii, na ina nguvu. Ina nguvu pia hoja kwamba mapatano yaleyale, kifungu cha sita, yaliruhusu mistari irekebishwe kufuatana na mahitaji ya mahali. Mito nayo ina la kusema. Ruhuhu inamwaga maji yake humo mchana na usiku, na haijawahi kuombwa kibali.

Tena Mjerumani mwenyewe hakukaa ufukweni akitazama tu. Alikuwa na meli yenye mzinga, Hermann von Wissmann, iliyoelea ziwani humo tangu miaka ya 1890, na bandari yake ilikuwa hapo Liuli, wakati huo wakiiita Sphinxhaven. Agosti 13, 1914, Mwingereza alikuja na meli yake Gwendolen akaipiga Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza. Yeye na yule nahodha Mwingereza, Rhoades, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Vitabu vinataja pigano hilo kuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika vita ile kuu, na lilitokea hapa mkoani kwetu. Sasa kama maji yote yalikuwa ya Mwingereza, meli ya Mjerumani ilikuwa ikielea wapi miaka yote ile?

Baada ya vita Mwingereza akawa bwana wa pande zote mbili, Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa na Nyasaland kama koloni lake. Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Ramani na taarifa zake nyingine zilichora mstari katikati ya ziwa, nyingine zikauchora ufukweni. Kwake yeye ilikuwa sawa na mtu kuhamisha pesa mfuko wa kulia kwenda wa kushoto.

Mwaka 1954 ndipo unapouona utamu wa kuwa na mtu wa kukusemea. Wareno waliokuwa wanatawala Msumbiji walikaa na Waingereza, wakakubaliana mpaka wa Msumbiji na Nyasaland uende katikati ya ziwa, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki vya Nyasaland. Msumbiji ikapata nusu yake bila hata jiwe kurushwa. Sisi jirani zao hatukupata kitu, kwa sababu aliyepaswa kututetea ndiye huyohuyo aliyekuwa akitetea upande wa pili. Wakili mmoja kwa wagomvi wawili!

Sasa nakuja pale ambapo wakubwa hawapendi tufike. Tulipopata uhuru, wabunge wa pwani ya ziwa waliuliza habari ya mpaka. Jibu la serikali yetu wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, lilikuwa kwamba kwa mapatano ya 1890 hakuna sehemu ya ziwa iliyo ndani ya Tanganyika. Ndiyo, serikali ya Tanganyika! Kisha Julai 1964 wakuu wa Afrika wakakutana Cairo wakaapa kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere akiwa mstari wa mbele kutetea jambo hilo. Halafu Januari 1967 serikali hiyohiyo ikaiandikia Malawi barua kwamba mpaka uko katikati ya maji.

Simlaumu mtu kwa kubadili msimamo. Mtu hubadili akipata ushahidi mpya. Lakini ushahidi huo uko wapi? Mbona hatujawahi kuwekewa mezani tukausoma kwa Kiswahili chetu?

Kamuzu Banda, kwa upande wake, alijibu kwa vituko. Mwaka 1968 alisimama akadai kwamba Malawi ya kweli inapanda kaskazini mwa Songwe, kiasi cha maili mia moja ndani ya Tanzania, na kwamba hata Msumbiji na Zambia zimekalia ardhi yake. Mwalimu akamdharau hadharani. Na huo ulikuwa wakati mbaya. Banda alikuwa rafiki wa Makaburu na Wareno, sisi tulikuwa tunawalea wapigania uhuru wa FRELIMO, na mawaziri wa Banda waliomkimbia mwaka 1964, kina Kanyama Chiume, walikuwa wakiishi Dar es Salaam. Ziwa likawa fimbo ya kuchapana kwa ugomvi mwingine. Uhusiano wa kibalozi kati ya nchi hizi mbili ulianza mwaka 1985 tu! Wakati serikali zimenuniana, watu wa Likoma na watu wa Liuli waliendelea kuoana, kuzikana na kusali pamoja, kwa kuwa misheni ya UMCA iliyokuwa na makao Likoma ndiyo iliyohudumia pande zote mbili kwa meli.

Nitaje na Oscar Kambona, mtoto wa pwani hiyohiyo karibu na Mbamba Bay. Yeye ndiye aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje miaka ile ya mwanzo, mtu aliyeyajua maji yale kwa kuyaoga. Julai 1967, miezi sita tu baada ya barua ile, aliondoka nchini akaishi ughaibuni hadi 1992. Hakukimbia kwa ajili ya ziwa, nisije nikanukuliwa vibaya. Nasema tu kwamba mwenye ziwa hakuwepo mezani.

Miaka ikapita, ziwa likasahaulika. Dar es Salaam ililikumbuka lini? Liliponuka mafuta. Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni kwa kampuni ya Uingereza, Surestream, itafute mafuta. Mwaka 2012 Waziri Bernard Membe akawaka bungeni, na Edward Lowassa, akiwa mwenyekiti wa kamati ya bunge ya mambo ya nje na ulinzi, akasema jeshi liko tayari. Mnakumbuka vijiwe vilivyochangamka! Rais Kikwete akakutana na Rais Joyce Banda kule Maputo mwezi Agosti, akatuliza hewa. Oktoba Malawi ikasusa mazungumzo, ikilalamikia ramani mpya ya Tanzania yenye mstari katikati ya ziwa. Kesi ikapelekwa kwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano. Membe amefariki, Lowassa amefariki, zaidi ya miaka kumi imepita, na mstari bado haujaafikiwa.

Wenzetu wengine walifanyaje? Sikilizeni hili maana halisemwi majukwaani. Mapatano yaleyale ya 1890 yaligawa pia kusini mwa Afrika. Botswana na Namibia waligombania kisiwa kimoja katika Mto Chobe, Wanamibia wakikiita Kasikili na Wabotswana wakikiita Sedudu. Wanajeshi walishaanza kutunishiana misuli. Kisha nchi zote mbili zikakubaliana kwa hiari kwenda Mahakama ya Dunia kule The Hague. Tarehe 13 Desemba 1999 mahakama ikakipa Botswana, kwa kusoma maneno ya mapatano hayo, kwamba mpaka unapita katikati ya mkondo mkuu.

Umeona ilipo hatari? Kule waliandika katikati, huku wakaandika ufukwe. Wakili wa Malawi atasimama aseme: waheshimiwa, watu hawa walijua kuandika katikati walipotaka katikati. Wakili wetu ana jibu gani? Huenda analo zuri sana. Sisi wa Mfaranyaki hatujalisikia.

Lakini hukumu ileile ina mfupa mtamu. Ilisema wananchi na vyombo vya nchi zote mbili vitatumia mikondo ya mto pande zote za kisiwa kwa haki sawa. Yaani mstari ulikwenda kwa mmoja, matumizi yakabaki ya wote. Kwa mvuvi wa dagaa anayetoka na karabai usiku, hilo ndilo suala. Yeye hali mstari. Anakula dagaa, anakula mbasa, na anataka kurudi na mtumbwi wake salama hata upepo ukimsukuma mbali.

Wala msiambiwe kwamba haiwezekani. Huko Songwe, mto uliokuwa ukihama njia na kuwaacha watu nchi wasiyoijua, serikali hizihizi mbili zilitia saini mwaka 2017 kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde. Kama mto unazungumzika, uvuvi nao unazungumzika: nani avue wapi, nani amwokoe nani ikizama boti, mafuta yakipatikana yagawanywe vipi. Hayo yote yanaweza kuandikwa hata kabla mstari haujachorwa.

Ninachodai ni hiki. Serikali itoe kitabu kimoja, cha Kiswahili, chenye karatasi zote: mapatano ya 1890, ramani za Mwingereza zenye mistari miwili, jibu la bungeni, barua ya 1967. Majalada ya Mjerumani mengine yako Berlin. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja hapahapa Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi kwa mauaji ya vita vya Majimaji, kwa babu zetu walionyongwa hapa mwaka 1906. Tulimpokea vizuri. Basi balozi wake aombwe nakala za majalada ya ziwa. Hiyo haigharimu hata risasi moja.

Nimemaliza upande wangu. Kuna ndugu pale nyuma, mwenye kofia nyekundu, ameniambia katoka Lituhi juzi na magunia ya dagaa. Namwomba yeye aanze kuuliza, halafu hawa wa mbele.