Mavuno Bila Shamba: Tuipimeje Miradi ya Sarafu za Mtandaoni?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogondogo, Litapunga



Ndugu wapendwa, baada ya malipo ya tumbaku, baba mmoja alinijia. Alitaka kuweka fedha yake katika mradi wa sarafu za mtandaoni uliomwahidi faida ya asilimia 30 kila mwezi, akaniomba niutangaze baada ya Misa. Nilipokataa, aliniuliza: "Padre, mbona jirani yangu ameshalipwa mara mbili?" Swali lake lilikuwa la haki, nami sikulijibu vema. Aliweka nusu ya fedha yake. Alipotaka kuitoa, aliambiwa alipe kwanza "ada ya kutolea". Alilipa, kisha simu za wenye mradi zikazimwa. Leo napenda kulijibu swali lile, ingawa nimechelewa.

Mambo haya si mapya. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, upatu uliowaalika watu "kupanda" fedha na "kuvuna" maradufu. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani. Sisemi hivyo ili kuwacheka Wakristo wenzetu. Nasema ili tuone kwamba tapeli huanza kwa kuiba imani ya watu, ndipo aibe fedha.

Sarafu za mtandaoni zenyewe zipo kweli. Bitcoin ilianza mwaka 2009, nayo hupanda na kushuka bei bila kumwahidi mtu chochote. Lakini wapo waliolitumia jina tu. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova wa Bulgaria, ilifika hata Uganda. Bei yake iliandikwa na wenyewe walivyopenda. Ignatova alitoweka mwaka 2017, na mwenzake, Karl Greenwood, alihukumiwa Marekani mwaka 2023 kifungo cha miaka 20. Fedha zilizochukuliwa duniani zilizidi dola bilioni 4.

Basi, yatupasa kuuliza maswali manne.

Kwanza, faida yatoka wapi? Kwa asilimia 30 kwa mwezi, shilingi 100,000 zikiachwa zizae zingezidi 2,300,000 kwa mwaka. Ni shamba gani, ni mgodi gani unaozaa hivyo bila kukosa? Jirani yule alilipwa kwa fedha ya walioingia baada yake. Malipo yake yalikuwa chambo.

Pili, nani amewaruhusu? Cheti cha BRELA ni kama cheti cha kuzaliwa kwa kampuni; si kibali cha kupokea akiba za watu. Vibali vya namna hiyo huulizwa Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wengine husema kwamba tangu mwaka 2024 sheria inatoza kodi mali za kidijitali, kwa hiyo mradi wao ni halali. La hasha! Kodi si leseni.

Tatu, je, fedha hutoka bila masharti mapya? Anayedai ada ili akurudishie fedha yako mwenyewe, anakuibia mara ya pili.

Nne, kwa nini wanataka ulete watu, tena haraka? Biashara yenye mazao ya kweli hutafuta wanunuzi. Upatu hutafuta waingiaji, na wakikoma, huanguka.

Hapa ndipo haki inapotugusa. Aliyemwingiza jirani yake akapewa zawadi, amepokea jasho la jirani huyo. Hata kama hakujua, akishajua hana budi kurudisha. Naye aliyepoteza asichekwe wala asifichwe. Asindikizwe polisi akiwa na namba za simu na kumbukumbu za malipo, kwa maana aibu yetu ndiyo ngao ya tapeli.

Baba yule hakuhitaji kukemewa. Alihitaji mtu wa kukaa naye na kupiga hesabu. Kazi hiyo naikabidhi kwenu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:
1. Ni miradi gani ya namna hii imefika kwetu, na ililetwa na nani?
2. Waliopoteza fedha tuwasaidieje bila kuwaaibisha?
3. Tunawezaje kuimarisha vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambamo kila mmoja anaona hesabu?