Hasara Iliyofichwa: Nasaha kwa Wanaonunua na Kuuza kwa Muda Mfupi

(Maneno haya yalitolewa msikitini baada ya sala ya Isha, mbele ya wafanyabiashara na vijana wa mtaa. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)



Sifa zote njema zamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu waheshimiwa, ndugu zangu katika imani, nanyi vijana wetu. Nimeombwa kuzungumza juu ya biashara ambayo siku hizi imeingia hadi ndani ya simu zetu: kununua asubuhi na kuuza jioni, au kununua saa hii na kuuza baada ya dakika kumi, kwa kutarajia tofauti ya bei. Wapo wanaofanya hivyo kwa sarafu za kigeni, wapo wanaofanya kwa hisa, na wapo wanaofanya kwa magunia ya vitunguu na mahindi. Bidhaa ni mbalimbali, lakini nafsi inayonunua na kuuza ni ile ile, na maradhi yake ni yale yale.

Kisa cha kijana wetu

Kijana mmoja niliyemsomesha tangu akiwa katika Juzuu Amma aliingia katika biashara ya sarafu kwa simu. Ameniruhusu kueleza kisa chake bila ya kumtaja. Alianza na shilingi 600,000 zake mwenyewe, na katika miezi miwili zikawa zaidi ya maradufu. Akatununulia mikeka ya madrasa. Nami nilimsifu mbele ya wenzake na kumwombea dua. Sikumuuliza hata mara moja: siku unapokosea, hupoteza kiasi gani?

Kisha bei zikamgeukia. Fedha zake zilipokwisha, akachukua shilingi 3,500,000 ambazo dada yake mkubwa alimpa amuwekee kwa ajili ya kuezeka nyumba. Alikusudia kuzitumia usiku mmoja tu, arudishe kilichopotea, kisha azirejeshe pasina mtu kujua. Zilikwisha usiku ule ule. Kwa miezi minne alikuwa akimwambia dada yake kuwa amana ipo salama.

Ndugu zangu, mimi simsimulii kijana huyu ili tumlaumu. Namsimulia kwa sababu njia aliyoipita imekwisha kupitwa na watu wenye elimu na mitaji mikubwa kuliko yake, na mwisho wake ukawa ule ule.

Yaliyotokea Singapore

Kulikuwa na benki mjini London ikiitwa Barings, iliyoasisiwa mwaka 1762. Mwaka 1992 benki hiyo ilimpeleka Singapore kijana wa Kiingereza aitwaye Nick Leeson, asimamie ununuzi na uuzaji wa mikataba inayofuata bei za hisa za Japani. Mwaka huo huo mfanyakazi mmoja wa chini yake alikosea: aliambiwa anunue mikataba 20, yeye akauza. Hasara yake ilikuwa takriban pauni 20,000. Kwa benki kubwa, hilo lilikuwa jambo la kuelezwa asubuhi na kusahauliwa jioni. Leeson hakulieleza. Alilificha katika akaunti yenye nambari 88888.

Tangu siku hiyo akaunti ile ikawa shimo. Kila alipokosea, alitupia humo. Ili kuziba hasara alinunua zaidi, na ununuzi ule ukazaa hasara nyingine. Kufikia mwisho wa mwaka 1994 shimo lilikuwa limefika pauni milioni 208, ilhali London walikuwa wakimhesabu miongoni mwa wafanyakazi wao hodari kabisa.

Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Japani, na kuua zaidi ya watu 6,000. Leeson alikuwa amefunga mikataba ambayo ingemnufaisha endapo bei zingetulia. Hazikutulia. Badala ya kukubali hasara na kutoka, alinunua kwa wingi zaidi, akitaraji soko la Tokyo litapanda. Likazidi kushuka. Tarehe 26 Februari 1995 benki iliyoishi miaka 233 ilitangazwa kufilisika. Hasara yote ilikuwa pauni milioni 827. Benki ya Kiholanzi iitwayo ING iliinunua Barings kwa pauni moja, na Leeson akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na nusu huko Singapore.

Zingatieni mambo mawili. La kwanza, si tetemeko lililoiua Barings. Tetemeko liliikuta ikiwa imekwisha oza ndani kwa miaka miwili na nusu. La pili, Leeson ndiye aliyekuwa akinunua na kuuza, na ni yeye huyo huyo aliyewasimamia wanaoandika vitabu vya hesabu. Wakubwa wake waliuliza juu ya faida tu. Hapo nilijiona mimi mwenyewe na ile mikeka ya madrasa.

Swali linalotangulia

Kabla ya kutaja adabu za biashara hii, liko swali linalotangulia: je, biashara yenyewe yafaa? Adabu haigeuzi haramu kuwa halali. Biashara nyingi za sarafu zinazofanywa kwa simu hutegemea mkopo wa dalali. Unaweka dhamana ya shilingi 100,000, naye anakuwezesha kushika mali ya shilingi 10,000,000. Bei ikienda kinyume nawe kwa asilimia 1 tu, dhamana yako yote imekwenda. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya Rabita, huko Makka, ililitazama suala hili katika kikao chake cha 18 mwaka 2006, na ikaamua kuwa biashara ya namna hiyo haijuzu. Miongoni mwa sababu ni riba, na ni mkopo kufungamanishwa na sharti la kumpa dalali ujira.

Hata asiyefuata fatwa yoyote anapaswa kutazama hesabu. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa baina ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi katika mikataba ya bei inayotumia mkopo wa dalali hupata hasara. Mwaka 2024 mamlaka ya masoko ya India ilieleza kuwa watu 7 katika kila 10 walionunua na kuuza hisa ndani ya siku moja walipata hasara katika mwaka wa fedha 2022/23. Basi anayekuambia kuwa hii ni njia nyepesi ya riziki, ama hajui, ama anakuuzia kitu.

Kwa hiyo, nitakayoyasema sasa namwambia yule anayenunua mali halali, kwa fedha yake, na akaimiliki. Na aliyekwisha kutumbukia katika mkopo wa dalali ayasikilize pia, apate kujua amesimama wapi.

Hesabu ambayo nafsi haitaki kuiona

Ukipoteza asilimia 20 ya mtaji, wahitaji faida ya asilimia 25 ili urudi ulipokuwa. Ukipoteza nusu, wahitaji faida ya asilimia 100. Ukipoteza tisa katika kumi, sharti kilichobaki kizidi mara kumi. Kuteremka ni kwepesi kuliko kupanda.

Chukua watu wawili, kila mmoja ana shilingi 1,000,000. Wa kwanza huhatarisha asilimia 2 ya alichonacho kila anapoingia sokoni, wa pili asilimia 20. Wote wakakosea mara kumi mfululizo, jambo ambalo hutokea. Wa kwanza amebaki na takriban shilingi 817,000, na kesho ataamka mfanyabiashara. Wa pili amebaki na takriban shilingi 107,000, na kesho ataamka mtafuta mkopo.

Wako pia wanaosema: nikikosa, nitaongeza maradufu hadi nipate. Anza na shilingi 10,000, ongeza maradufu kila unapokosa, na ukose mara saba tu. Umepoteza shilingi 1,270,000. Njia hii ndiyo iliyomzamisha Leeson.

Adabu tano

Mosi, jua mlango wa kutokea kabla hujaingia. Kabla ya kununua, amua ni bei gani ikifikiwa utakubali kuwa umekosea na utauza. Amua wakati akili imetulia, maana ukishaingia, matumaini yatakutungia hoja. Wala usiisogeze bei hiyo kwa sababu imekaribia.

Pili, pima kiasi kwa hasara, usipime kwa tamaa. Una shilingi 1,000,000, nawe umekubali kupoteza zisizozidi 20,000. Hisa inauzwa shilingi 500, na umeamua kutoka ikifika 460. Hasara ya kila hisa ni shilingi 40. Gawanya 20,000 kwa 40, utapata hisa 500, zenye thamani ya shilingi 250,000. Zaidi ya hapo usinunue, hata moyo ukikusukuma namna gani.

Tatu, andika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Dini iliyolipa uandishi wa mali uzito huo haimridhii mfanyabiashara anayeshika hesabu zake kichwani. Andika ulichonunua, kwa nini, ulikusudia kutoka wapi na ulitoka wapi. Kila wiki keti na daftari lako kama unavyoketi kuihasibu nafsi yako. Utagundua kuwa hasara nyingi hazikutoka sokoni, zilitoka katika kuvunja ahadi uliyojiwekea.

Nne, usitafute kuwa na haki, tafuta kuwa na salama. Mtu aweza kupatia mara sita katika kumi na akafilisika, ikiwa kila anapopatia hupata shilingi 1 na kila anapokosea hupoteza shilingi 3: amepata 6, amepoteza 12. Na mwingine aweza kupatia mara nne tu na akafaidika, ikiwa hupata 3 na hupoteza 1: amepata 12, amepoteza 6. Kukubali kosa mapema si udhalili. Na ukikosea mara tatu katika siku moja, funga simu, nenda kasali, kaa na watoto wako. Kununua kwa hasira ya kulipiza ni ulevi usio na chupa.

Tano, usitie fedha isiyo yako. Amana, karo ya mtoto, kodi ya nyumba na deni havina nafasi katika biashara hii. Fedha ya namna hiyo huondoa subira, na asiye na subira hana adabu hata moja kati ya nne nilizozitaja.

Kinga nayo ina mipaka yake

Asije mtu akadhani kuwa kikomo cha hasara ni ngome isiyovunjika. Benki Kuu ya Uswisi iliahidi mwezi Septemba 2011 kuwa Euro moja haitashuka chini ya faranga 1.20. Watu wakajenga juu ya ahadi hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 15 Januari 2015 ahadi iliondolewa ghafla, na katika dakika chache Euro ikashuka chini ya faranga 1. Waliokuwa wameweka kikomo cha hasara hawakupata mnunuzi katika bei waliyoiweka, wakauziwa chini sana. Baadhi yao waliamka wakidaiwa zaidi ya walichokiweka, na madalali wengine wakafilisika. Kilichowaokoa waliookoka ni kiasi: walikuwa wameweka kidogo. Ndiyo maana adabu ya pili haiachiki hata kama ya kwanza imetimizwa. Mwanadamu hupanga, na ghaibu ni ya Allah peke yake.

Wajibu wetu sisi

Nirudi kwa kijana wetu. Siku aliyokuja kwangu, jambo zito kwake halikuwa zile shilingi 3,500,000. Lilikuwa kumtazama dada yake usoni. Tulikwenda pamoja. Dada yake alinyamaza kitambo kirefu, kisha akamwuliza neno moja tu: kwa nini hukuniambia zilipokuwa bado kidogo? Leo kijana yule anafanya kazi dukani, na kila mwisho wa mwezi humpelekea dada yake shilingi 150,000. Bati halijapanda juu ya nyumba ile, lakini uongo umekwisha.

Nami najiuliza: kwa nini hakusema mapema? Kwa sababu sisi tulimfundisha kuwa hapa hupokelewa faida tu. Tuliipokea mikeka, hatukuuliza habari ya mtaji. Baba anayemsifu mwanawe kwa fedha asiyojua inatoka wapi, na mwalimu anayemwombea dua mwenye kutoa bila ya kumuuliza, wote wamefanya walichofanya wakubwa wa Barings.

Basi tuazimie mambo mawili. Kila anayefanya biashara hizi awe na mtu mmoja, mkewe, kaka yake au rafiki mkweli, ambaye humwonyesha daftari lake kila mwezi, ukurasa wa faida na ukurasa wa hasara. Na sisi wengine, tunapomwona kijana amenawiri ghafla, tumuulize kwa upole lile swali ambalo mimi sikuuliza. Na akituletea hasara ndogo, tuipokee bila ya kumfedhehesha, ili asilazimike kuificha mpaka iwe kubwa.

Twamwomba Allah (s.w.) atupe riziki ya halali, atukinaishe nayo, atuepushe na kuzila amana za watu, na amlipie kijana wetu deni lake. Amin.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.