Hesabu Kabla ya Kununua Nyumba ya Kupangisha



Mlitutuma tukaitazame nyumba ya vyumba sita hapa Lodwar, ambayo chama chataka kuinunua iwe nyumba yetu ya kwanza ya kupangisha. Tumeiona, na tumerudi na hesabu.

Bei yake ni sh. 1,800,000. Kila chumba hulipiwa sh. 5,000 kwa mwezi, yaani sh. 360,000 kwa mwaka kwa vyumba vyote. Dalali akatuambia kwamba fedha zetu zitarudi kwa miaka mitano. Tulifurahi, wala hatuoni haya kukiri. Lakini mzee anunuapo ngamia jike haulizi maziwa ya wakati wa mvua. Huuliza ya kiangazi.

Tukarudi siku nyingine, dalali hayupo, tukazungumza na wapangaji wenyewe. Kwa waliyotueleza, twakadiria kila chumba kitakaa kitupu miezi miwili kwa mwaka. Basi sh. 60,000 zaondoka, zabaki 300,000. Apokeaye zaidi ya sh. 288,000 kwa mwaka hutozwa ushuru wa mapato ya kupangisha, ambao tangu mwanzo wa mwaka 2024 ni asilimia 7.5, nao hukatwa juu ya kodi yote iliyopokewa kabla ya kuondoa gharama yo yote: sh. 22,500. Mtunza nyumba, sh. 48,000. Maji, kunyonya choo, makufuli, na mabati yang'olewayo na upepo, sh. 36,000. Malipo ya kaunti, sh. 6,000. Zabaki sh. 187,500. Hiyo si miaka mitano. Ni karibu kumi.

Tena chama kina sh. 1,000,000 tu. Tukikopa 800,000 kwa miaka minne, kwa riba ya asilimia 12 juu ya deni linalobaki, mwaka wa kwanza tutadaiwa sh. 200,000 za mkopo na riba ipatayo 85,000. Nyumba italeta 187,500. Pengo ni sh. 97,500, na mfuko wa pekee wa kuliziba ni ule wa mazishi. Mwanachama akifiwa mwaka huo, tutamwambia nini?

Wako wenzetu waliosema tununue Kakuma, kwa kuwa huko kodi ni kubwa zaidi. Ni kweli mji ule umekua tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, na biashara yake si ya misaada peke yake. Lakini mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada, mashirika yalipunguza watumishi, na mtumishi akiondoka chumba chake hubaki. Wazee wanaikumbuka Lokichoggio. Tangu mwaka 1989 mashirika yaliyohudumia Sudan ya Kusini yalikaa pale, ndege zikiruka mchana kutwa; amani ilipotiwa saini mwaka 2005, yakahamia Juba, na wenye nyumba wakaachiwa kuta. Hatusemi Kakuma itakuwa hivyo. Twasema mwenye kununua huko apige hesabu yake kwa vyumba vitatu, si sita. Lodwar ina walimu, wauguzi na watumishi wa kaunti, ingawa mishahara ikichelewa kodi nayo huchelewa.

Jambo jingine ni ardhi. Muuzaji alituonyesha barua ya kugawiwa kiwanja, si hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikwa na kaunti kwa niaba ya wananchi. Yatupasa kuulizia barua hiyo katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na majirani waulizwe maji ya Kawalase hufika wapi mto ufurikapo.

Hatukatai nyumba. Tukifikisha sh. 1,400,000, mkopo wa 400,000 utadai sh. 142,500 mwaka wa kwanza, na nyumba itajilipia yenyewe bila kugusa mfuko wa mazishi. Twaomba basi mkutano uidhinishe mchango wa nyumba, uwekwe katika daftari lake peke yake, na Katibu aisome hesabu yake kila mkutano. Dalali ataka arubuni kabla ya mwisho wa mwezi. Twaomba ajibiwe kwamba bado.