Viungo Vikiuma Mwili Mzima, Tusikimbilie Kusema ni Baridi



Hapa Voi mtu akiamka magoti, mgongo na vifundo vinamuuma, jibu huwa tayari: "Ni baridi," au "Ni uzee." Ananunua tembe dukani na kurudi kazini. Mwezi unaisha, pesa zimekwisha, maumivu yapo palepale. Leo naomba tujiulize kwanza: maumivu haya yalianzaje?

Kama yalianza ghafla pamoja na homa kali, huenda ni malaria, na huenda ni chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Mwaka 2004 ugonjwa huo ulizuka Lamu na kufika Mombasa, na mwishoni mwa 2017 ukarudi Mombasa. Sisi tuko kwenye barabara na reli ya Mombasa.

Mlipuko wa Lamu ulikuja wakati wa ukame, si wa mvua. Watu walihifadhi maji nyumbani bila kuyabadilisha mara kwa mara, na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana, hupenda kuzaana humo. Nasi mifereji ikikauka tunategemea mapipa. Basi tuyafunike, na kila wiki tuyasugue ndani, maana mayai ya mbu hunata ukutani. Tuondoe tairi kuukuu na makopo. Chandarua cha usiku pekee hakitoshi.

Kama homa huja na kuondoka, unatokwa na jasho usiku, na unafuga au unakunywa maziwa mabichi, mwambie daktari. Huenda ni brusela. Dawa zake humezwa kwa wiki 6 au zaidi; ukiziacha katikati, ugonjwa hurudi. Tuchemshe maziwa, na tusishike mimba ya mnyama iliyoharibika kwa mikono mitupu.

Kama hakuna homa, lakini kila asubuhi vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa zaidi ya nusu saa, huenda ni baridi yabisi. Licha ya jina lake, hailetwi na baridi: ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo. Ikicheleweshwa matibabu, hulemaza.

Onyo moja. Mwenye homa na maumivu ya viungo asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, kwani ikiwa ni homa ya dengi, dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli, kwa kipimo chake, inafaa.

Anzeni kwenye zahanati iliyo karibu. Itakapohitajika mtapewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi hapa Voi. Na nyumba kadhaa za mtaa mmoja zikilalamika wiki moja, mwarifuni mhudumu wa afya ya jamii siku hiyohiyo. Kwake ni habari kubwa kuliko mnavyodhani.