Nyama na Maharagwe kwa Sufuria ya Presha
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Lokori)



Leo tunazungumza juu ya kuni. Mnashangaa? Tulisema tutafundisha mapishi, sivyo? Lakini hapa Lokori sufuria ya maharagwe huanzia kwenye kuni. Maharagwe yaliyokaa ghalani katika joto huwa magumu, yanakula moto saa nyingi. Na mti wa ewoi tukiumaliza kwa kuni na makaa, mbuzi watakosa matunda yake wakati wa kiangazi.

Maharagwe, mahindi, nyanya na pilipili asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko huyapika na nyama ya nguruwe iliyoiva mpaka ikanyambuka nyuzi nyuzi. Sisi tuna mbuzi. Hata yule mzee mwenye nyama ngumu anafaa.

Sufuria ya presha yafanyaje kazi? Kifuniko kinafunga mvuke ndani. Maji ya sufuria ya kawaida huchemka kwa joto la digrii 100. Mvuke ukibanwa, joto hufika karibu digrii 120, na chakula huiva upesi. Mfaransa Denis Papin alionyesha jambo hili mwaka 1679.

Haya, tupike. Kwa sufuria ya lita 6:

1. Loweka nusu kilo ya maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, wape mbuzi au miche.
2. Weka nusu kilo ya nyama, kitunguu na vikombe viwili vya maji. Funga. Kizito kikianza kulia, punguza moto, hesabu dakika 20.
3. Ondoa motoni, ngoja mvuke uishe wenyewe. Tia maharagwe, maji yapite juu kwa vidole viwili, na kijiko cha mafuta kupunguza povu. Funga tena, dakika 20 hadi 25.
4. Toa mifupa, nyambua nyama. Sasa ndipo utie nyanya, pilipili na chumvi, uchemshe bila kifuniko. Nyanya zikitangulia, maharagwe yanakataa kulainika.

Sasa sikilizeni vizuri, maana sufuria hii inaweza kuchoma mtu. Usijaze maharagwe kupita nusu. Kabla ya kufunga, tazama tundu la mvuke; likizibwa na ganda, lizibue. Angalia mpira wa kifuniko. Ukipasuka, usipike mpaka upate mwingine. Kifuniko kikikataa kufunguka, bado kuna mvuke: usikilazimishe, usikigonge kwa jiwe. Watoto wakae mbali. Moto mkali wa mafiga huyeyusha vishikio, kwa hiyo tumia jiko la makaa. Makaa ya etirae, yaani mathenge, yanafaa, na mti huo tunao mwingi kupita kiasi.

Je, asiye na pesa? Chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa nguvu dakika 20 katika sufuria ya kawaida, kisha uiweke motomoto ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, uifunike vizuri. Yataendelea kuiva bila kuni. Baadaye yarudishe motoni yachemke. Lakini usiruke kule kuchemsha kwa kwanza: maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu ya kutapisha na kuharisha.

Kununua sufuria peke yako ni mzigo. Kikundi kikichanga, mzigo unagawanyika. Ila kitu cha wote kisicho na mtunzaji huharibika upesi. Basi kabla ya kununua, jadilianeni:

– Nani ataitunza, na kila mmoja atapika siku gani?
– Mpira ukipasuka, pesa za mwingine zitatoka wapi, na nani atautafuta Lodwar?
– Tukiuza chakula siku ya soko, faida itagawanywaje?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, wote wakiwepo.